Sauti ya Tano

Jumanne, tarehe 17 Aprili 2068, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika tangu alfajiri, lakini ukungu ulikuwa bado umelala juu ya misonobari ya Itowelo, na baridi ilikuwa ile ile ya kupenya soksi za sufu. Mzee Hezroni Luvanda alishuka garini mbele ya bwalo la shule aliyosoma, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akatazama saa, akaridhika. Miadi ilikuwa saa tatu na nusu. Alikuwa amejenga madaraja maisha yake yote ya kazi, na katika kazi hiyo hakuwahi kumsubirisha mtu. Wala yeye mwenyewe hakuwa na subira na mtu wa kumsubirisha.

Shule ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi. Ubao wa jina ulikuwa umeanguka, na mahali palipokuwa na mabweni palikuwa na mashina ya chai yaliyojiotea. Hata hivyo, alipoingia bwaloni, pua yake ilimrudisha nyuma kabla ya macho: maharage, moshi wa kuni, na kile kiharufu cha dizeli kilichokuwa kikiingia madirishani kila jioni. Hezroni alisimama kizingitini akiwa amenyooka, kama kiranja anayesubiri watu wanyamaze.

“Shikamoo, Mzee Luvanda.”

Aliyemwamkia alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, amejifunga kitenge juu ya suruali kwa ajili ya baridi.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Sikio?”

Mwanamke alicheka. “Mimi ni Tupokigwe Mwaisaka. Sikio ni hili hapa.” Alikiinua kioo chembamba kama karatasi na kukilaza juu ya meza. “Kazi yangu ni maoni ya watumiaji wa Sikio. Kwa maneno mengine, Mzee, kazi yangu ni wewe.”

Hezroni hakutabasamu. Alikuwa amegundua kwamba binti huyu alikuwa akimkodolea macho mdomoni tangu alipoanza kuzungumza, wala hakuinamisha macho kama mtu aliyelelewa. Alilihifadhi jambo hilo moyoni.

Tupokigwe aligusa kioo, akasoma kwa sauti: “‘Kwa Wahusika. Programu yenu imekosa adabu. Nikiimba inanikatiza ili inirekebishe, kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa la kwanza. Isitoshe, kitufe cha Kubali ni kikubwa kama sahani, ilhali kitufe cha Kataa kimefichwa nyuma ya vingine. Aliyepanga hivyo alikusudia watu wakubali. Wenu katika ujenzi wa taifa, H. Luvanda.’ Hii, Mzee, tumeibandika ukutani ofisini.”

“Ili mnicheke.”

“Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili tulikisogeza kitufe cha Kataa mbele. Kiko pale kwa sababu yako.”

Mzee alikitazama kioo. Vitufe viwili vilikaa sawasawa, kimoja kulia, kingine kushoto, kwa ukubwa ule ule. Alikohoa kidogo, na kikohozi hicho, kwa waliomjua, kilikuwa shukrani.

“Kiranja!” Sauti nzito na iliyokwaruza iliita kutoka mlangoni. “Umeshaandika majina ya wachelewaji?”

“Jina ni moja tu, Mtewele. Kama kawaida.”

Zakaria Mtewele, wakili mstaafu, aliingia akivuta mguu, shingo yake imefungwa skafu ya kijani ya shule. Wakiwa vijana alikuwa besi wa kutikisa vioo, na wenzake wote walimwita Dizeli. Kesho yake, hospitalini Mbeya, madaktari wangemwondoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, pamoja na uvimbe ulioota humo.

“Usinitazame hivyo,” alisema akimpa rafiki yake mkono. “Watanipa sauti ya mashine. Nimekwisha kuichagua. Ya mtangazaji wa mpira. Nikimwita mke wangu chakulani, atadhani tumefunga bao.”

“Keti, Mtewele. Punguza maneno, uyaache ya kuimba.”

*

Hakuna kwaya iliyokuwa ikiandika nyimbo kwa mkono siku hizo. Mtu aliimba, na Sikio likaandika. Herufi za do, re, mi zilijipanga kiooni, safu kwa safu, sauti ya kwanza juu na ya nne chini. Mwimbaji alivaa kishikizi kidogo nyuma ya sikio, na kila aliposhuka chini ya nota yake, kishikizi kilimtetemesha taya mpaka apande. Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. Wimbo uliokuwamo katika Sikio ulifundishwa. Usiokuwamo ulibaki vifuani mwa wazee, ukangoja kuzikwa nao.

Itowelo ilikuwa inafunguliwa tena Januari. Wanafunzi wapya wangevaa skafu za kijani, na bodi ilikuwa imeuomba wimbo wa shule, ule aliotunga Mwalimu Elikana Sanga. Hapakuwa na kanda wala picha iliyourekodi, kwa kuwa simu zilipigwa marufuku shuleni na marufuku hiyo iliheshimiwa. Sauti tatu za juu Hezroni alikuwa amezikusanya kutoka kwa wenzake kwa miaka, mmoja mmoja, kabla hawajatangulia. Sauti ya nne ilikuwa imebaki katika koo moja tu, na koo hilo lilikuwa na siku moja.

Waliimba. Zakaria alishika ukingo wa meza, Hezroni akasimama mikono nyuma.

*Taa za Itowelo, laleni salama,*
*kesho tutawawasha, tusome kwa neema.*

Ubeti wa kwanza uliandikika bila kasoro. Katika wa pili sauti zao zilianza kuteremka, polepole na kwa pamoja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani wakiwa wameshikana mikono. Mara vishikizi vikatetemeka. Taya la Zakaria likacheza, sauti yake ikavutwa juu, ikakatika, akaanza kukohoa. Kiooni, mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi.

“Mlishuka, wazee,” alisema Tupokigwe kwa upole. “Sikio limewainua.”

“Hatukushuka kwa kukosea.” Hezroni alivua kishikizi, akaenda dirishani. Nje, kwenye majani marefu, msingi wa saruji wa nyumba ya jenereta ulikuwa bado unaonekana. Alizungumza akiutazama huo. Alieleza jinsi wimbo ulivyoimbwa kila siku mwisho wa masomo ya jioni, shule nzima imesimama bwaloni. Jinsi Mwalimu Sanga, asiyekuwa na kinanda, alivyochukua do yake kutoka katika mngurumo wa jenereta. Jinsi fundi alivyolizima katikati ya ubeti wa pili ili kuokoa mafuta, na mngurumo ukawa unazama, unazama, na wavulana wote wakazama nao, mpaka taa zikafa na mashine ikanyamaza. Mkaguzi mmoja wa muziki aliwahi kuwaambia kwamba walikuwa kwaya pekee nchini iliyokosea kwa utaratibu. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ndiyo sifa ya shule.

Alipomaliza, palikuwa kimya. Binti hakujibu neno.

“Mwanangu, nazungumza na wewe!”

“Hakusikii, Kiranja,” alisema Zakaria, aliyekuwa amemwona binti akiutafuta mdomo wa rafiki yake.

Hezroni aligeuka. Tupokigwe alikuwa amegonga fremu ya miwani yake kwa kidole, uso umemwiva kwa haya.

“Samahani, Mzee. Ningekwambia mapema. Miwani huniandikia maneno, lakini bwalo hili lina mwangwi, inachanganya. Nasoma midomo. Ukinipa mgongo, umeniacha nje.”

“Tangu lini?”

“Tangu utotoni. Homa ya uti wa mgongo.”

“Na kazi yako ni muziki?”

“Naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani kwetu, Uyole.” Aliligusa taya lake, mahali ambapo kishikizi hutetemeka. “Nikiteleza, Sikio linanigusa hapa. Ndiyo sababu niliomba kazi hii.”

Hezroni alirudi akaketi mbele yake, uso kwa uso, akarudia maelezo yote tangu mwanzo, neno kwa neno, bila kufupisha.

Tupokigwe alisikiliza kwa macho hadi mwisho. Kisha akamweleza tatizo kama mhandisi anavyomweleza mhandisi. Sikio hupigilia do ya kwanza kama kigingi, na nota zote hupimwa kwa umbali wake kutoka katika kigingi hicho. Tena kumbukumbu yake ni moja kwa watu wote. Linalojifunza Itowelo, linalijua pia Uyole.

“Nimekuja na ruhusa ya kubadilisha jambo moja,” alisema, na kitufe cha tatu, cheusi, kikatokea kiooni. “Naweza kulifundisha kwamba kwaya ikishuka pamoja haijakosea. Wimbo wenu utaingia kama ulivyo. Mtumiaji ndiye anayeamua, na mtumiaji ni wewe.”

“Na wewe? Jumapili, ukiteleza?”

Tupokigwe alisita. “Kwaya nzima ikichoka na kuanza kuteremka, litadhani tunaimba Itowelo. Litaninyamazia.”

“Mko wangapi kama wewe?”

“Wengi, Mzee. Hakuna aliyetuhesabu.”

Matone ya ukungu yalidondoka kutoka kwenye bati. Hezroni alikitazama kile kitufe cheusi, na haki ya kukibonyeza aliihisi mkononi kama kitu chenye uzito. Alikuwa ameisubiri ruhusa hiyo kwa barua baada ya barua. Lakini alikuwa mjenzi wa madaraja, na hakuna mjenzi anayeng'oa nguzo ya daraja wanalopita wengine ili aitumie kufufua njia ya kwao.

“Kifunge,” alisema.

“Kiranja, fikiri,” Zakaria alidakia. “Kesho saa hizi mimi—”

“Nimefikiri.”

“Basi bonyeza Kubali. Wimbo uingie umenyooka. Si bora huo kuliko kukosa vyote?”

“Huo hautakuwa wimbo wa Mwalimu. Utakuwa wimbo wa mashine uliovaa sare yetu. Kifunge, mwanangu. Na ule ulionyooshwa, nimeukataa.” Kidole chake kilitua juu ya Kataa, pale kitufe hicho kilipokuwa kimesogezwa kwa ajili yake, na herufi zote zikafutika kiooni.

Zakaria alisimama kwa ghadhabu. “Miaka yote hii, Luvanda! Bado unaandika majina ya watu!” Akatoka nje, mlango ukajibamiza nyuma yake.

*

Tupokigwe alimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akamsogezea mzee kikombe. Hakuuliza kitu, na labda kwa sababu hiyo Hezroni alimwambia.

Alikuwa kidato cha tano. Asubuhi mkuu wa shule alimwita ofisini na kumpa habari kwamba mama yake amefariki. Mvua ilikuwa imekata barabara. Hapakuwa na gari la kumfikisha nyumbani mazikoni. Alihudhuria vipindi vyote. Alisimamia usafi wa mchana. Jioni akasimama bwaloni na wenzake, jenereta likazimwa, giza likaingia.

“Mstari wa mwisho wa wimbo uliimbwa gizani,” alisema, akihakikisha midomo yake inaonekana. “Haukuwa na mwanzishaji maalumu. Desturi ilikuwa kwamba anauanza yule ambaye siku hiyo imemlemea kuliko wengine. Hakuteuliwa na hakuulizwa. Kama hakupatikana, Mwalimu aliuanza mwenyewe. Jioni ile shule nzima ilijua ni nani. Nami sauti haikutoka.”

“Mwalimu akauanza?”

“Mwalimu alisubiri. Shule nzima ilisimama gizani na njaa yake na usingizi wake, na hakuna aliyekohoa. Sikuwahi kusubiriwa hivyo, kabla wala baada. Sauti ilipotoka, nikaimba, wakaitikia. Akasema tu, ‘Asante, Luvanda. Nendeni mkalale.’” Alikizungusha kikombe. “Siku ya kuhitimu aliniambia: ukipata pa kuuandika wimbo huu, uandike pamoja na lile giza. Nilimwahidi. Hilo ni deni langu, na leo nimeshindwa kulilipa.”

Tupokigwe hakuwa akimtazama tena. Macho yake yalikuwa juu ya kioo.

“Mzee,” alisema polepole, “nani anapiga chombo?”

“Chombo gani?”

Aligeuza kioo. Hawakuwa wamelizima Sikio. Chini ya nafasi tupu za sauti nne, safu ya tano ilikuwa imejifungua yenyewe, na ndani yake do moja ndefu ilikuwa ikitembea bila kukatika. Pembeni paliandikwa: *Chombo kisichotambulika.*

Hezroni alitega sikio. Nje, kizingitini, Zakaria alikuwa ameketi akiutazama msingi wa saruji, akinguruma kifuani kwa mdomo uliofumbwa: mngurumo mnene, wenye kishindo kidogo cha pistoni ndani yake, na kile kikwazo cha mara kwa mara cha chujio chafu. Ulikuwa ule ule. Hezroni alihisi miaka ikimporomokea. Alisimama, akaenda mlangoni.

“Mtewele! Ilikuwa kwa kelele hiyo hiyo nilikuandika jina.”

“Mara ngapi!” Zakaria alijibu bila kugeuka. “Walimu walikuwa wakitoka nje kuangalia nani kawasha jenereta mchana. Nililima shamba zima la shule kwa adhabu zako.”

“Ulistahili. Ilikuwa saa ya kujisomea. Ingia ndani, unahitajika.”

Tupokigwe alikuwa amesimama. “Kwaya ikiwa na kinanda, Sikio haliangalii kigingi. Linapima kwaya kwa kinanda. Kinanda kikishuka, waimbaji walioshuka nacho wako sawa. Imekuwa hivyo tangu mwanzo. Hakuna la kulifundisha.” Aliwatazama kwa zamu. “Wazee, hamkukosea hata siku moja. Mlikuwa mnafuata chombo, ila hakuna aliyekiandika.”

Alifuta *Chombo kisichotambulika*, akaandika *Jenereta*.

“Ongeza na fundi wake,” Zakaria alisema akivuta kiti. “Mtewele, Z. Herufi kubwa.”

Kwanza aliimba sauti ya nne peke yake, beti zote, na Hezroni akaziongeza zile tatu za juu, moja baada ya nyingine, Sikio likazipokea. Kisha akapumzika, akanywa maji, akafumba mdomo na kuwa jenereta.

Hezroni alivaa tena kishikizi, akaimba juu yake. Ubeti wa kwanza ulikwenda umesimama imara. Katikati ya wa pili Zakaria alianza kuzima: pistoni zikachelewa, mngurumo ukalegea, ukazama, na Hezroni akazama nao. Sauti zilizokwisha kuandikwa zikakifuata chombo, na Tupokigwe aliona kiooni safu zote tano zikiteremka pamoja, kila moja mahali pake, na hapakutokea alama nyekundu hata moja. Alikuwa ameweka kiganja juu ya meza ili aihisi mbao ikitetemeka. Jenereta lilikohoa mara ya mwisho, likafa.

Kimya.

Mapigo yalianza kugonga tayani mwa Hezroni: Sikio lilikuwa linamhesabia mwimbaji aingie. Kiooni pakatokea swali, *Nani anaanza?* Tupokigwe aliinua macho. Hezroni angeweza kuuanza. Aliujua mstari ule kuliko jina lake. Alitikisa kichwa, akavua kishikizi, akakiweka mezani. Tupokigwe akayazima mapigo.

Zakaria alikuwa ameinamisha kichwa, mkono uko juu ya skafu, pale kooni. Midomo ilifunguka, ikafungika. Machozi yalimshuka mzee huyu ambaye tangu asubuhi hakuwa ameacha kutania. Nje ukungu ulisogea kwenye misonobari, jua likaingia bwaloni, likatoka. Hezroni Luvanda, asiyekuwa na subira na mtu, alisimama mikono nyuma na kusubiri. Hakukohoa. Hakutazama saa.

Kisha, kwa sauti iliyopasuka na bado nzito kama zamani, Zakaria akaanza:

*Na aliye mbali nasi, ajue twamngoja.*

Hezroni akaitikia. Waliumaliza pamoja.

Mwishowe Tupokigwe alionyesha pengo lililobaki kiooni kati ya jenereta na mstari wa mwisho. “Hapa niandike nini? Mapigo mangapi?”

“Usiweke mapigo,” Hezroni alisema. “Andika: msubirini.”

Aliandika hivyo. Kisha Sikio likauliza, kama linavyowauliza watumiaji wote, iwapo waandishi wameridhika, na vitufe viwili vikatokea. Hezroni alimshika Zakaria mkono, wakabonyeza Kubali kwa kidole cha Zakaria.

“Asante, Mtewele,” alisema. “Nenda kapumzike.”

Akavua kofia, akaugeukia ukuta ambako ubao wa Mwalimu Sanga uliwahi kuning'inia, akasema kwa sauti ya kiranja anayetoa taarifa:

“Mwalimu, wimbo umeandikwa, na giza lake limo. Deni lako nimelipa.”